Chati ya kahawa si ramli

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limeingia vijijini kwetu bila kupiga hodi. Jambo lenyewe ni hizi chati za bei za masoko ya nje, ambazo siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua akiwa kibanjani kwake chini ya migomba. Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini nakuomba usiikate, maana jambo hili lilikaribia kukivunja chama chetu na limekwisha kuitia hasara nyumba ya dada yangu.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Karagwe, na kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili wasomaji waelewe kwa nini nilijikuta nimeshika chaki katika mkutano usiokuwa wangu.

Mwezi Julai 2025 chama chetu cha msingi kiliitisha mkutano wa wanachama. Kabla katibu hajamaliza kusoma taarifa yake, kijana mmoja alisimama, akainua simu juu, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, kahawa New York ni dola 4 kwa ratili. Kilo moja ni ratili 2 na kidogo, kwa hiyo kilo ni karibu dola 9. Sisi tunalipwa hiki tulichotangaziwa. Nyingine imeliwa na nani?" Ndugu Mhariri, ukumbi ulichafuka. Wazee waligonga bakora sakafuni, akina mama wakapiga kelele, na wengine wakataka katibu avuliwe madaraka pale pale. Katibu maskini hakuwa na la kujibu ila kurudia kwamba bei imetoka juu. Jibu la namna hiyo, hata kama anayelitoa hana kosa, ndilo linalomfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi.

Kijana yule ni mpwa wangu. Nilimwomba mwenyekiti dakika chache, nikamtuma mtoto akalete ubao mdogo kutoka shuleni, tukaanza kuihakiki ile simu hatua kwa hatua mbele ya wanachama wote.

Kosa la kwanza lilikuwa la tarehe. Ni kweli kwamba New York bei ilipita dola 4 kwa ratili, lakini hiyo ilikuwa Februari 2025, nayo ilikuwa bei ya juu kupita zote zilizowahi kuonekana huko. Kufika Julai ilikuwa imekwisha kushuka sana. Mpwa wangu alikuwa ameitazama kilele cha mlima akadhani ndipo tulipo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Soko la New York linauza arabika. Kahawa yetu sehemu kubwa ya Kagera ni robusta, na bei ya robusta huangaliwa London, siyo New York. Hizi ni kahawa mbili zenye masoko mawili na bei mbili. Kuitazama arabika ili kujua bei ya robusta ni sawa na kuuliza bei ya mchele ukitaka kununua mtama.

Kosa la tatu lilikuwa la vipimo. New York huhesabu kwa senti za dola kwa ratili, na mkataba mmoja ni ratili 37,500, yaani tani 17 hivi. London huhesabu kwa dola kwa tani, na mkataba mmoja ni tani 10. Wakati wa mkutano wetu bei ya London ilikuwa chini ya dola 4,000 kwa tani. Kwa kurahisisha hesabu tuliandika 3,600, ambayo ni dola 3 na senti 60 kwa kilo.

Kosa la nne tulilifanya sote. Bei ya London ni ya kahawa safi, iliyokobolewa, ikachambuliwa na kufungwa magunia. Sisi tunapeleka chamani maganda, na inahitajika karibu kilo 2 za maganda ili kupata kilo 1 ya kahawa safi. Basi ile dola 3 na senti 60 ikigawanywa kwa mbili inabaki dola 1 na senti 80 kwa kilo ya maganda. Hapo bado hatujatoa kukoboa, magunia, ushuru, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja hadi bandarini, na faida ya msafirishaji.

Ukumbi ulinyamaza. Kutoka dola 9 tulikuwa tumefika chini ya dola 2, na katibu alikuwa bado hajagusa senti ya mtu. Hata hivyo sikukubali mambo yaishie pale, kwa sababu baada ya kutoa gharama zote tulizozijua ilibaki tofauti ndogo isiyo na maelezo. Tulimwomba katibu alete karatasi za makato. Alizileta wiki iliyofuata, tukazisoma wote, na mengi yakaeleweka. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya chati: mwanachama aliyekuwa akiuliza kwa hasira sasa anaweza kuuliza kwa hesabu, na kiongozi anayeulizwa kwa hesabu hawezi kujibu kwamba bei imetoka juu.

Sasa, Ndugu Mhariri, nieleze kidogo chati hizi zinaonyesha nini hasa, kwani wengi wanadhani ni bei ya kahawa iliyopo ghalani leo. Sivyo. Ni bei ya mikataba ya kahawa ya miezi ijayo. Mnunuzi na muuzaji hukubaliana leo bei ya kahawa itakayokabidhiwa mwezi fulani mbele. New York biashara hii ilianza mwaka 1882, ilipoundwa soko maalumu la kahawa. Siku hizi mikataba ya New York na ile ya London yote huuzwa katika masoko ya kampuni ya ICE, na mikataba mingi hufungwa kwa fedha kabla gunia halijahama.

Wakulima wa Kagera hatupaswi kuliona jambo hili geni. Kwetu kuna butura. Mtu mwenye shida ya ada au ya mgonjwa huuza kahawa yake ikiwa bado maua, akalipwa fedha kidogo, na msimu ukifika mlanguzi huja kuvuna. Serikali imepiga marufuku butura, na imefanya vyema. Lakini tujiulize: kwa nini kuuza kahawa ya kesho kuwe wizi huku kwetu, kisha kuwe biashara halali London? Tofauti haiko katika kuuza kabla ya kuvuna. Tofauti ni kwamba London bei inaonekana na kila mtu, kiasi na ubora vinajulikana, kuna chombo katikati kinachosimamia kila upande utimize ahadi, na aliyeingia anaweza kutoka kabla ya siku kufika. Katika butura bei ni siri ya watu wawili, na mmoja wao ana njaa. Kwa hiyo hata kama chati isingekuwa na faida nyingine, ingetosha kwamba imeitoa bei gizani. Mwaka huo jirani yangu mmoja alimfukuza mlanguzi wa butura kwa sababu alikuwa ameifanya ile hesabu ya ubaoni na kuona kwamba alichopewa hakikufika hata robo ya kinachostahili.

Kwa wale wanaotaka kuzisoma chati hizi, naomba nitoe maelekezo machache niliyoyapata kwa kukosea.

Kwanza, angalia mwezi. Mikataba ya robusta ya London ni ya Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba, na kila mwezi una bei yake. Anayevuna Juni na kuuza Julai aangalie Septemba. Programu nyingi hukuonyesha mstari mmoja mrefu ambao kwa kweli ni mikataba mingi iliyoungwa. Mahali pa kuungia bei huweza kuruka juu au chini ghafla, na mtu akadhani kuna habari kubwa kumbe ni mwezi umebadilishwa tu.

Pili, angalia saa. Soko la robusta la London hufunguliwa saa 5 asubuhi kwa saa zetu na kufungwa saa 1 na nusu jioni, na wakati wa baridi huko Ulaya kila kitu husogea saa moja mbele. Tena, bei zinazotolewa bure kwa kawaida huchelewa dakika 10 au zaidi. Kwa mkulima dakika hizo si kitu. Kwa anayetaka kucheza nayo bei, dakika hizo ni kaburi.

Tatu, fahamu mishumaa. Vijana wanaipenda chati ya mishumaa, ambayo asili yake ni Japani katika biashara ya mchele. Kila mshumaa unasema mambo manne tu: bei ya kufungulia, ya kufungia, ya juu kabisa na ya chini kabisa katika muda ule. Haina uganga mwingine ndani yake.

Nne, angalia urefu wa dirisha. Ukiifungua chati ya siku moja, kichuguu kitaonekana kama Kilimanjaro. Ukiifungua ya miaka 20, kichuguu hicho hukioni kabisa. Mimi nawashauri wakulima waanze na ile ndefu, kwani hiyo ndiyo inayofundisha.

Na inafundisha nini? Tuangalie ile ya arabika ya New York. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na kufika 1977 bei ilipita dola 3 kwa ratili. Mwaka 1989 mpango wa nchi za dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka. Mwaka 2001 ilifika karibu senti 42 tu, na mwaka huo robusta ya London ilikuwa chini ya dola 500 kwa tani. Wakulima wengi waliing'oa mikahawa yao. Mwaka 2011 New York ilipita tena dola 3, mwaka 2019 ikawa chini ya dola 1, na Februari 2025 ikapita dola 4. Robusta nayo ilipita dola 5,000 kwa tani mwaka 2024, baada ya ukame kuipiga Vietnam, nchi inayozalisha robusta nyingi kuliko zote.

Ukiyapanga hayo utaona kwamba bei ya juu ndiyo mbegu ya bei ya chini. Bei ikipanda, dunia nzima hupanda mikahawa. Mkahawa hauzai kesho, huchukua miaka mitatu au minne, na wakati huo mtu anaendelea kuhesabu utajiri. Kisha yote huzaa pamoja. Ndivyo ilivyotokea baada ya bei nzuri ya katikati ya miaka ya 1990, Vietnam ilipopanda kwa wingi, na matokeo yake tuliyaonja mwaka 2001. Kwa hiyo anayekata migomba yote leo ili apande kahawa kwa sababu ya mshumaa mmoja mrefu, aitazame kwanza chati ya miaka 50.

Sasa nifike kwenye uchungu wenyewe. Mpwa wangu baada ya mkutano ule alijifunza kwa bidii. Nilifurahi. Lakini katika programu nyingine aliyoionyeshwa na wenzake, pembeni ya chati kulikuwa na kitufe cha kununua na kitufe cha kuuza, na kampuni fulani ya nje, ambayo siitaji, ilimwahidi kumkopesha mara 20 ya fedha atakazoweka. Mwisho wa Julai mistari yote katika chati ilielekea chini. Akasema, "Mjomba, inashuka tu, huoni?" Akauza kahawa asiyokuwa nayo, akitegemea kuinunua baadaye kwa bei ndogo. Fedha aliyotumia mama yake, yaani dada yangu, alikuwa amempa akanunue mabati.

Mwezi Agosti Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa nyingi za Brazil, kahawa ikiwamo, na habari za hali ya hewa huko nazo zikawatia watu hofu. Bei ikageuka na kupanda kwa nguvu, London na New York. Mwenye mkopo wa mara 20 humalizwa na mabadiliko ya asilimia 5, na asilimia 5 katika kahawa ni jambo la siku mbili tatu. Mpwa wangu alikuwa gulioni. Aliporudi na kufungua simu alikuta sifuri. Ushuru ule kwa kahawa ya Brazil Marekani yenyewe iliuondoa Novemba 2025, lakini mabati hayakurudi. Nyumba ya dada yangu ilivuja masika yaliyofuata.

Wapo watakaosema kijana hakusoma vizuri. La hasha, alisoma vizuri sana. Kasoro ni kwamba kilichokuwa mbele yake hakikuandikwa mule. Mistari ile yote, iwe ya wastani wa siku 50 au ya siku 200, imetokana na bei zilizokwisha kupita. Kuitumia kujua bei ya kesho ni sawa na kupima nyayo za ng'ombe ili kujua atalala wapi. Nyayo zinaonyesha alikotoka. Ushuru wa Rais wa nchi nyingine hauna nyayo kabla haujatangazwa.

Kwa uaminifu niseme pia upande wa pili. Wako wanachama wawili walioficha maganda yao mwezi Julai, wakakataa kuuza hata tulipowaeleza, na Agosti bei ilipopanda wakatucheka. Leo wanaitwa wataalamu, na watu huenda kwao kuuliza lini wauze. Ninawapongeza kwa kupata, lakini hawakusoma chochote, walibahatisha. Tena walikuwa na ghala kavu na hawakuwa na mtoto wa kupeleka sekondari mwezi ule. Ushauri wa mtu asiye na haraka haumfai mwenye haraka. Mwaka mwingine bei itaendelea kushuka na maganda yataota ukungu, na sijui wanaowafuata watamlilia nani.

Ndugu Mhariri, baada ya kusema hayo nina mapendekezo manne.

La kwanza, kila chama cha msingi kiwe na ubao nje ya ofisi. Katika msimu, katibu aandike kila siku bei ya London ya mwezi unaohusika, aigeuze kuwa shilingi kwa kilo ya maganda, na chini yake aandike makato moja moja. Kazi hiyo haihitaji dakika 20. Chama chetu kimeanza, na kelele zimepungua.

La pili, Bodi ya Kahawa na vyama vikuu vitangaze hesabu hiyo hiyo redioni kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu si kila mkulima ana simu ya chati, na mwenye simu si lazima awe na uwezo wa kuisoma. Mabwana shamba nao wafundishwe ili watufundishe.

La tatu, vyama vikuu vifikirie kuitumia mikataba hii kwa kazi iliyoundiwa, yaani kujikinga. Mkulima mwenye magunia sita hawezi kuuza mkataba wa tani 10. Lakini chama kikuu chenye mamia ya tani kinaweza, kwa kulipa ada kama ya bima, kujiwekea bei ya chini ambayo ikivukwa kitafidiwa, na hivyo malipo ya awali kwa wakulima yasiyumbe. Jambo hilo lifanywe na watu waliolisomea, chini ya sheria, na wanachama waelezwe gharama yake kabla.

La nne, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ipaze sauti hadi vijijini juu ya hizi kampuni zinazokopesha vijana fedha za kubashiri bei. Kijana ajue namna ya kuuliza kama kampuni ina leseni ya nchini. Kuangalia bei ni elimu. Kuweka mabati ya mama yako juu ya bei ni kamari, hata kama kamari hiyo imechorwa kwa rangi nzuri.

Mpwa wangu sasa ndiye anayeandika ubao wa chama kila jioni, baada ya London kufunga. Nilimwombea kazi hiyo mimi mwenyewe, na wanachama walikubali, ingawa wengine walinung'unika. Fedha ya mabati anairudisha kidogo kidogo. Juzi mzee mmoja alimwuliza kesho bei itapanda au itashuka. Akamjibu, "Mzee wangu, mimi naandika ya leo tu." Nilipolisikia jibu hilo niliona kwamba ameelewa kuliko wengi wetu.

Nawaomba wahusika walitupie macho jambo hili kabla ya msimu kufunguliwa, na wasomaji wenzangu wa Mbinga, Mbozi, Tarime na Kilimanjaro wanaouza arabika watueleze kwao hesabu hiyo inakuwaje.

Msomaji wako,
Mkulima wa Kahawa,
Karagwe, Kagera.